Donge la shilingi 1,750 lililofika Morogoro kwa 9,567

Naanza na hesabu, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika. Kwenye simu, katika duka la mtandaoni, donge moja la uzi wa pamba, gramu 50, lilisomeka senti 65 za dola. Wiki ile dola ilikuwa 2,690, kwa hiyo donge ni kama shilingi 1,750. Nilipolipakata nyumbani kwangu Kihonda, nikajumlisha kila kilichonitoka njiani mpaka nauli yangu mwenyewe, donge lilelile lilikuwa limefika 9,567. Uzi haukuongezeka hata nusu mita.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili hapa Morogoro. Kufuma nilifundishwa na shangazi yangu wa Kilosa, enzi za vile vitambaa vyeupe vya kutandika mgongoni mwa makochi na juu ya redio. Vitambaa nimeviacha zamani. Siku hizi nafuma wanasesere: tembo, kobe, twiga mwenye shingo isiyosimama vizuri. Siwauzi. Mtoto akisoma ukurasa mzima bila kukwama, anaondoka na mnyama. Kwa hiyo msinishauri nifungue biashara ili gharama irudi, ushauri huo ninao tayari, ninapewa na mume wangu kila mwisho wa mwezi.

Mtu atauliza, kwani hapa nyuzi hakuna? Zipo. Soko la Chifu Kingalu utapata nyuzi za sweta, akriliki nene inayoteleza kidoleni. Kwa kofia ya mtoto mchanga inafaa sana. Kwa mwanasesere inasumbua: vitanzi vinaachama, na ukishajaza tumbo, sufi ya ndani inachungulia nje kama shati lililokatika kifungo. Na rangi ni zile zile, nyekundu ya bendera, bluu ya sare ya shule, nyeupe, nyeusi. Mimi nilikuwa natafuta njano ya haradali na kijivu cha tembo. Ndiyo nikaanza kuagiza nje, mwaka jana, mwezi wa tano. Mizigo yangu mwenyewe ni minne mpaka sasa na risiti zote ninazo kwenye bahasha, kwa hiyo hapa chini sikisii.

Mzigo wa kwanza ulitoka Uturuki. Uzi unaitwa YarnArt Jeans, wafumaji wa wanasesere wanaujua: asilimia 55 pamba, 45 akriliki, mita 160 katika donge la gramu 50. Nilichukua madonge 20 kwa dola 1.90 kila moja, jumla dola 38. Kusafirisha dola 31. Hapo nilisita kidogo, nauli inakaribia mali! Nikajipa moyo kwamba angalau imeandikwa wazi. Dola 69, basi.

Kumbe kulipa kwenyewe kuna gharama ambayo haiandikwi popote. Nilitumia kadi ya mtandaoni, ile unayoifungua kwenye pochi ya simu. Kwa bei ya dola niliyoiona benki, 69 ilipaswa kuwa 185,610. Ujumbe wa makato ukaingia: 192,510. Nikagawanya, nikakuta kadi imeninunulia dola kwa 2,790. Tofauti 6,900, na hakuna mstari uliosema imekwenda wapi. Haiitwi ada, inaitwa kiwango cha kubadilisha fedha. Nikaja kujifunza pia kwamba duka la mtandaoni likikupa chaguo la kuona bei kwa shilingi, usilifurahie haraka. Linatumia kiwango chake, na mara mbili nilizolinganisha, chake kilikuwa kibaya kuliko cha kadi. Sasa naacha kila kitu kwenye dola, nalipa kwa dola, naumia mara moja.

Siku ya sita simu ikalia. Mzigo umetua Dar es Salaam, lipia kodi tuutoe. Nilijua kodi ipo, sikuwa nimezaliwa jana. Nisichokijua ni namna zinavyopandana. Kwenye karatasi waliyonitumia, madonge yangu yalithaminiwa 102,220. Ushuru wa forodha asilimia 25, yaani 25,555. Halafu kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, na hii haihesabiwi kwenye bei ya uzi peke yake, inahesabiwa kwenye uzi ukijumlisha na ule ushuru uliokwisha kutozwa. Yaani unalipia kodi ya kodi. Ikatoka 23,000. Tozo ndogondogo mbili zikaongeza elfu mbili na kitu.

Hapo kwenye asilimia 25 niliwasumbua watu, nakiri. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi: malighafi inapita kwa sifuri, vitu vilivyofikia nusu ya kutengenezwa vinatozwa 10, vilivyokamilika 25, na tangu 2022 kuna vingine vya 35. Sasa uzi wa kufumia ni nini? Kwangu mimi ni malighafi, maana bila mikono yangu hakuna tembo. Kwa mtu wa forodha, donge lililovishwa karatasi ya jina na bei, tayari kwa rafu ya duka, ni bidhaa iliyokamilika. Kijana wa upande wa pili wa simu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, hoja yako nzuri, lakini lipia leo, kesho inaanza kuhesabiwa ghala." Nikalipa.

Na bado. Mstari wa mwisho wa karatasi ulisema huduma ya kutoa mzigo, 30,000, ongeza asilimia 18, inakuwa 35,400. Hii si ya serikali, ni ya kampuni ya vifurushi yenyewe, malipo ya kukulipia kodi kwa niaba yako. Kampuni siitaji jina, maana nimeulizia nyingine mbili na zote zina kitu cha namna hiyo kwa jina tofauti. Ninachotaka mkione ni kwamba ada hii haijali ukubwa wa mzigo. Ningeagiza madonge 5 ningelipa 35,400, ningeagiza 60 ningelipa hiyohiyo. Mwenye kuagiza kidogo kidogo kwa hamu, kama mimi, ndiye anayeikuta ikiwa kubwa kuliko uzi.

Jumla ya kutoa mzigo ikawa 86,100. Ukiweka na zile 192,510, madonge 20 yamenigharimu 278,610. Donge la dola 1.90, ambalo kichwani mwangu lilikuwa la shilingi 5,100, limekuwa la 13,930.

Kuhusu uzi wenyewe sina neno. Kwa sindano ya milimita 2.5 vitanzi vinakaa kimoja baada ya kingine kama mahindi kwenye gunzi. Uzi haupasuki, ncha ya sindano inapita safi. Kobe wa kwanza niliyemfuma amefuliwa na mama wa mtoto kwa sabuni ya unga, ameanikwa juani, amerudi darasani na rangi yake. Kama nauhukumu uzi peke yake, naupa tisa kwa kumi. Ila 13,930! Donge la gramu 50, na tembo mmoja wa kimo cha kalamu anakula moja na robo.

Mzigo wa pili ndio wenye visa. Mwalimu mwenzangu akaniambia, wewe unaonewa na hawa wa ndege za haraka, agiza China, tumia wakala. Mnajua utaratibu: unanunua mtandaoni, muuzaji anapeleka kwenye ghala la wakala Guangzhou, wakala anakusanya mizigo ya watu wengi, analeta Dar, unachukua Kariakoo. Bei yake kwa ndege ilikuwa dola 12 kwa kilo, kodi na kila kitu ndani. Neno "kila kitu ndani" ni tamu sana. Hakuna karatasi ya mistari minane, hakuna kodi ya kodi, unapima kilo unalipa.

Nikachukua madonge 40 ya ule uzi laini wanaouita pamba ya maziwa, nyuzi tano zilizosokotwa pamoja. Dola 26. Muuzaji akadai dola 4 za kupeleka Guangzhou, kwa sababu "usafiri wa bure" aliokuwa ameuandika ni kwa mtu wa mkoa wake. Haya, 30, ambayo kwa kiwango cha kadi ni 83,700. Hesabu yangu ya njia ilikuwa nyepesi: madonge 40 kwa gramu 50 ni kilo mbili, tuseme mbili na robo na boksi, dola 27 kwa wakala, tumemaliza.

Wiki tatu baadaye wakala ananitumia ujumbe: mzigo wako kilo 8, dola 96.

Nikampigia. Nikamwambia kuna makosa, pengine mmechanganya na mzigo wa mtu wa vyuma. Akasema hakuna makosa. Nikamwambia uzi wangu ni kilo mbili, hauwezi kunenepa njiani. Akasema nije nione. Basi Jumamosi nikapanda treni ya SGR asubuhi, 13,000 kwenda, na 13,000 ya kurudi nikaiweka pembeni, nikaenda Kariakoo kutetea kilo zangu sita.

Kaunta yenyewe ni chumba cha chini ndani ya jengo la maduka, mizigo imepangwa mpaka darini, feni moja, na kijana mwenye kalamu nyuma ya sikio. Boksi langu aliliweka juu ya mzani mbele yangu. Mzani ukasoma 2.3. Nikamtazama, yeye hakunitazama. Akachukua tepu ya fundi seremala, akapima urefu, 45. Upana, 35. Kimo, 30. Akapiga kwenye simu: 45 mara 35 mara 30, akagawanya kwa 6,000. Akanigeuzia kioo. 7.875.

"Mama, hapa kikiwa kizito tunapima uzito, kikiwa chepesi tunapima nafasi," akasema. "Ndege haijazwi na kilo, inajazwa na maboksi."

"Na hicho kidogo kinachopungua kufika nane?"

"Tunapandisha. Nane."

Nikamwomba anifungulie boksi. Alikataa kwanza, akaona sura yangu, akakata gundi. Mdogo wangu yule nitamshukuru, maana bila hivyo nisingeelewa. Madonge yangu 40 yalikuwa yamelala chini, hayajafika hata nusu ya boksi. Juu yake kulikuwa na mifuko ya plastiki iliyojazwa upepo, ile ya kuzuia vitu visivunjike. Visivunjike! Uzi! Ukiudondosha kutoka ghorofa ya kumi utadunda. Muuzaji alichukua boksi lililokuwa karibu naye, likawa kubwa, akalijaza hewa, na mimi nikailipia hewa ile nauli ya ndege kutoka Guangzhou mpaka Dar es Salaam.

Hakuna aliyenidanganya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kanuni ya kugawanya kwa 6,000 ni ya kawaida kwa mizigo ya ndege, na kampuni za vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000, ambayo ni mbaya zaidi kwa mtu wa nyuzi, lile boksi lingekuwa kilo tisa na nusu. Mtu anayeagiza shanga hataijua kanuni hii maisha yake yote, shanga ni nzito na zinakaa kwenye kiganja. Anayeagiza uzi, sufi ya kujazia, manyoya au maua ya karatasi, hii ndiyo gharama yake kubwa kuliko zote, na haipo kwenye ukurasa wowote wa duka, kwa kuwa muuzaji mwenyewe haijui. Yeye anauza donge. Boksi ni la Mungu.

Nilipojumlisha usiku ule ndani ya treni: uzi 83,700. Wakala dola 96 kwa kiwango chake cha 2,750, ni 264,000. Treni 26,000. Bodaboda mbili 4,000. Wali na samaki 5,000, ambao nauingiza kwa makusudi, nisingekula wali Kariakoo kama si boksi. Jumla 382,700 kwa madonge 40. Mnaipata ile 9,567.

Uzi huu siupi tisa. Ni laini, unabembeleza mkono, na rangi zake zinapendeza kupita za Uturuki. Lakini ncha ya sindano ikichoma katikati, nyuzi zile tano zinaachana, unarudi nyuma vitanzi vitatu. Baada ya mwezi mikononi mwa watoto unaota manyoya shingoni na kwenye masikio. Na jina la pamba lilinitia shaka, nikafanya jaribio la shangazi: unakata ncha, unaiwasha kwa kiberiti. Pamba hunukia karatasi inayoungua na kuacha majivu mepesi. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Wangu ulifanya yote mawili, harufu ya daftari na kidonge chini yake. Mchanganyiko, basi, na ungeandikwa mchanganyiko nisingelalamika. Sita kwa kumi.

Halafu kuna gharama inayokuja baada ya kusahau zote. Njano ya haradali iliniishia nikiwa katikati ya tembo. Nikaagiza madonge mawili zaidi, dukani kulekule, namba ya rangi ileile, nikayaunganisha na mzigo wa jirani. Yalipofika nikafuma sikio la kulia usiku, chini ya taa, nikalishona. Asubuhi dirishani tembo ana sikio moja la haradali na jingine la embe dodo. Kiwanda hutia rangi kwa mikupuo, na mkupuo wa leo haufanani na wa mwezi uliopita hata kama namba ya rangi ni moja. Uzi wa Uturuki una namba ya mkupuo kwenye karatasi yake, unaweza kumwomba muuzaji akutafutie. Huu wa pili haukuwa na kitu. Nilipomwandikia muuzaji, alinijibu kwa adabu kwamba rangi hutofautiana kutokana na mwanga wa simu, akanipa kuponi ya dola 2 ya kutumia nikinunua vitu vya dola 30. Kurudisha? Madonge mawili ya dola moja na senti thelathini kuyarudisha China ingekuwa kama kumkodia kuku teksi. Kwa hiyo kanuni yangu sasa: nahesabu mahitaji, naongeza donge moja kwa kila matano, na hilo la ziada nalihesabu kwenye bei tangu mwanzo.

La mzigo wa tatu, wa macho ya wanasesere, nalisema kwa kifupi. Ni yale macho meusi ya plastiki ya milimita 8 yenye kikomeo cha nyuma, jozi 100, dola 4, yalikuja kwa posta. Muuzaji, bila kuulizwa, aliandika kwenye kifurushi kwamba ni zawadi ya dola 2. Afisa akaniuliza kwa upole, "Nani kakupa zawadi?" Mwalimu wa watu niseme nini? Nikamwonyesha ujumbe wa malipo, akatoza kwa bei halisi, akanionya kwamba siku nyingine inaweza kuchukuliwa kuwa udanganyifu na jina lililopo kwenye kifurushi ni langu, si la muuzaji. Tangu hapo nawaandikia wauzaji mapema: andika bei ya kweli. Vikomeo 14 vilikosekana, kwa hiyo jozi saba za macho zimelala kwenye kopo zinanitazama.

Na nisisahau ule mtego wa "ongeza dola 4 usafirishiwe bure". Nilinasa. Nilinunua vibanio vya plastiki vya kuwekea alama kwenye vitanzi, 100, rangi kumi. Mfumaji anatumia vitatu. Vilivyobaki mwanangu anafungia mifuko ya mkate.

Mzigo wa nne ndio ulionifanya nisikate tamaa, na ndio ninaoupendekeza kwa yeyote anayetaka kuagiza uzi. Kwanza sikuagiza peke yangu. Tulikuwa watatu, mimi, muuguzi mmoja wa Kilakala na fundi cherehani wa Mazimbu, madonge 60 kwa pamoja. Pili, kabla ya kulipa nilimwandikia muuzaji kwa Kiingereza changu cha darasani: usitie boksi, tia kwenye mfuko, nyonya hewa, nipigie picha mfuko ukiwa kando ya rula. Akanipigia. Arobaini kwa thelathini kwa ishirini. Nikapiga mwenyewe: 24,000 gawanya kwa 6,000, nne. Tatu, nikamtumia wakala picha ile kabla mzigo haujaingia ghalani kwake, nikamwomba anithibitishie kwa maandishi kwamba atatoza kilo 4 na hataurudishia boksi jingine. Hili la mwisho usiliruke, maana kuna maghala yanayofunga upya kila kitu.

Uzi dola 39, kupeleka ghalani 5, kwa kadi ikawa 122,760. Wakala kilo 4, dola 48, ikawa 132,000. Sikwenda Dar. Nilimtuma kijana wa wakala anipakilie kwenye basi, nikalipia 8,000, nikapokea stendi ya Msamvu saa kumi jioni. Jumla 262,760. Donge 4,380 kasoro.

Ni zaidi ya mara mbili ya bei ya kwenye simu, msije mkasema sikuwaambia. Na lina maudhi yake: yametoka mfukoni yakiwa bapa kama chapati, uzi umeshikana, ikabidi niyafungue yote na kuyazungusha upya kwa mkono. Ishirini yangu yalinila Jumapili nzima, mtoto ameshika, mimi nazungusha, mume anapita anahesabu. Lakini nimezoea bei ya 4,380 kwa uzi wa sita kwa kumi, naiona ni bei ya haki.

Kwa uzi wa Uturuki siagizi tena, na sababu ni hii. Ile Jumamosi ya tepu ya seremala, nilipotoka kwa wakala nikiwa na boksi langu la hewa kichwani, nilipita upenuni mwa duka moja la vifungo na zipu. Ndani, rafu ya pili kutoka juu, YarnArt Jeans, rangi labda kumi na mbili, kila donge na namba yake ya mkupuo. Nikauliza bei nikiwa tayari kuumia. 9,500. Elfu nne na ushei pungufu ya ile niliyoitoa Uturuki mwenyewe, tena na risiti, na ukikosea rangi unarudi kubadilisha. Mama mwenye duka huuleta kwa kontena pamoja na vifungo vyake, kwa hiyo uzi unasafiri kwa mgongo wa zipu.

Nikamuuliza haradali. Akasema imeisha, ila ana mzigo bandarini. Nikamwachia namba yangu. Juzi amenitumia picha, madonge sita, mkupuo mmoja, ameyatenga chini ya meza kwenye mfuko wenye jina "Mwalimu Moro". Tembo wangu alikuwa bado na sikio la embe, nimelifumua leo mchana.